Ardhi Haikula Tunda

Saa tatu asubuhi Mama Taipu alitangaza kwamba leo, saa kumi jioni, atamsamehe mtu.

Alitangaza akiwa kwenye kiti chake cha mikono, miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, kwa sauti ile ile aliyoitumia zamani kuwaambia walimu kwamba mitihani yao haitakuwa tayari kabla ya Ijumaa, wapende wasipende. Binti yake, aliyekuwa amepiga magoti akimsugua visigino, aliacha kusugua.

"Nani huyo, mama?"

"Wino. Anakuja. Mpwa wake kahamia mtaa wa pili, kanipigia simu jana, anasema mjomba yuko kwake wiki hii na anaomba aje kunisalimia. Nikasema aje, nataka kumsamehe. Nina miaka themanini na miwili, mwanangu, sitaki kwenda kaburini na kinyongo cha karatasi. Atakaa pale, atakunywa chai, nami nitamwambia: fundi, ulilonitendea nimekusamehe. Basi. Mbona umesimamisha mkono? Kisigino cha kushoto bado."

Binti akarudi kwenye kisigino cha kushoto. Alikuwa na miaka sitini na moja, mwalimu mstaafu wa somo la dini, mwanamke ambaye wanafunzi wake walimwita Kerubi kwa vile alisimama mlangoni mwa darasa na rula, na aliyechelewa haingii. Lakini ndani ya nyumba hii alikuwa bado Kipaza, jina alilopewa utotoni kwa sababu kila alichokiona kimeandikwa alikisoma kwa sauti, kama kipaza sauti: ukutani, kwenye kopo, kwenye mgongo wa shati la mpita njia.

Na huyu Kerubi alikuwa na siri ya miaka arobaini na sita. Siri yenyewe ni hii: Wino hakuwa na kosa la kusamehewa. Mwenye kosa alikuwa amepiga magoti pale pale, na jiwe la kusugulia mkononi.

Kuijua vizuri habari hii inabidi kwanza uingie kwenye chumba cha chapa.

Kilikuwa nyuma ya ofisi kuu ya shule ya wasichana, kimebanwa kati ya stoo ya mafagio na choo cha walimu. Dirisha moja, meza mbili, rafu za karatasi hadi darini. Upande wa dirisha aliketi Mama Taipu, wakati huo mjane wa miaka thelathini na sita, mgongo umenyooka, vidole kumi vikicheza bila yeye kuvitazama. Upande wa pili ilisimama mashine ya kudurufu, nyeusi, nzito, ya kuzungushwa kwa mkono, na pembeni yake Wino, mwanamume mrefu mwenye mabega ya mtu aliyezungusha mashine miaka mingi. Aliyepita barazani aliweza kujua mambo ya mle ndani kwa masikio tu. Ta-ta-ta-ta, ting! Huyo mama. Kwachu-kwachu, kwachu-kwachu. Huyo fundi. Ukisikia kimya, wanakunywa chai.

Lo, harufu ya chumba kile! Nta, wino, mafuta ya taa, karatasi mpya, na ile rangi nyekundu ya kuzibia makosa iliyokaa kwenye kichupa kidogo na kunukia utamu wa kulevya. Mpaka leo Kipaza akipita duka linalouza rangi za kucha hupunguza mwendo, anavuta pumzi, halafu anajikemea na kuendelea na safari yake.

Kwa asiyeijua kazi ile: mtihani haukupigwa taipu kwenye karatasi ya kawaida. Ulipigwa kwenye stensili, karatasi laini ya nta, herufi zikaitoboa. Stensili ikavishwa kwenye mashine, wino ukapita kwenye vitundu, na nakala mia mbili zikatoka zikiwa bado na unyevu. Lakini nyuma ya stensili kulikuwa na karatasi ngumu ya kuegemea, na katikati yake kaboni, ili mpiga taipu aweze kuona alichopiga. Kwa hiyo kila neno la mtihani lilibaki pia kwenye ile karatasi ngumu, wazi, asome mwenye macho. Ndiyo maana kulikuwa na kapu.

Kapu lilikaa chini ya meza ya mama, na lilikuwa na mfuniko. Stensili zilizoharibika, kaboni, karatasi za kuegemea, vyote viliingia humo. Kila Ijumaa Wino alilibeba mpaka kwenye pipa la chuma nyuma ya jiko la shule, akachoma vyote, akayakoroga majivu kwa kijiti. Hiyo ilikuwa kazi yake, imeandikwa kwenye karatasi ya ajira.

"Karatasi zote za humu ni zako," mama alimwambia Kipaza siku ya kwanza alipoanza kumleta kazini baada ya masomo. "Zilizopinda, zilizochapwa mara mbili, zilizokatwa vibaya. Andika, chora, tengeneza ndege, jalidi madaftari. Ila kapu la mfuniko usiliguse. Siku utakayoligusa utanitambua."

Na kweli alikuwa tajiri. Watoto wengine walikuwa na midoli, yeye alikuwa na karatasi. Upande mmoja wa utoto wake ulikuwa jiografia ya kidato cha tatu, upande wa pili picha za farasi wenye miguu mitano. Wino alimkunjia kofia, popo, visanduku vya kufunga na kufungua. Alikunja wakati wino unakauka, huku akiimba, na aliimba vibaya sana.

"Fundi," mama alisema bila kugeuka, "mashine inataka mafuta au ni wewe?"

"Ni mimi, Mama Kipaza. Na mafuta yangu ni chai."

Waliitana hivyo, fundi na Mama Kipaza, kwa adabu zote. Lakini mtoto hakuwa kipofu. Aliona kiti cha mama kilivyorekebishwa usiku mmoja tu kikaacha kulia. Aliona kikombe cha mama kilivyohamishwa kutoka kushoto kwenda kulia ili kisimwagikie stensili, na hakuna aliyesema nani kakihamisha. Jioni moja wakirudi nyumbani mama alimuuliza, macho mbele, "Hivi nikikuletea baba, utanuna?"

Kipaza alifikiri hatua kumi hivi. "Asiwe na vidole vyeusi."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta wa watu. Sijui alimwambia nini fundi, lakini wiki iliyofuata Wino alianza kunawa kila Ijumaa kwa mafuta ya taa, sabuni ya kufulia na brashi ya viatu, kisha akaja kumwonyesha Kipaza vidole, viganja juu, viganja chini, mtu mzima yule akikaguliwa kucha.

"Bado kidogo," Kipaza alimwambia kwa kiburi cha mkaguzi. "Ijumaa ijayo, Mjomba."

Walipata Ijumaa sita za namna hiyo. Alikuja kuzihesabu baadaye, alipokuwa hana njia ya kuziongeza. Jamani, mtoto yule alimpenda yule mtu! Hapo ndipo penye uchungu. Angekuwa amemsingizia adui ingekuwa nafuu.

Ijumaa ya saba mvua ilinyesha tangu alfajiri. Pipa la kuchomea likajaa maji hadi nusu. Wino alilitazama kutoka dirishani, akasema kapu litasubiri Jumatatu, akaliwekea tofali juu ya mfuniko. Mama aliitwa ofisini kupeleka mitihani iliyokamilika. Wino akaenda kunawa vidole. Kipaza, miaka kumi na mitano, akabaki peke yake na kapu, na tofali, na mvua.

Utasema hakuwa amesoma. Alikuwa amesoma! Dini ilikuwa somo lake, angepata tisini akiwa na homa. Hakutaka majibu. Kulikuwa na kitu kimeandikwa ndani ya chumba kile na yeye hajakisoma, basi, na kwa mtoto aliyesoma kila ukuta wa mji hilo lilimuwasha mahali ambapo mkono haufiki. Akaondoa tofali. Juu kabisa ilikuwa karatasi ya kuegemea, maandishi yameiva:

Swali la Nne. (a) Adamu na Hawa walikatazwa nini bustanini? (b) Eleza jinsi kila mmoja wao alivyojibu alipoulizwa. (c) Nani alikuwa na kosa kubwa zaidi? Toa sababu. (d) Ardhi haikula tunda. Kwa nini basi nayo ililaaniwa?

Hakusoma kwa sauti. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake. Akarudisha karatasi, mfuniko, tofali, na Wino alipoingia na vidole vilivyotakata kama vya daktari akasema "bado kidogo" bila kuvitazama.

Siku mbili zile alikaa na sehemu (d). Zile tatu za mwanzo zilikuwa mteremko. Adamu kamnyooshea kidole mkewe, na juu yake akamchomeka Mungu mwenyewe, eti mwanamke *uliyenipa wewe*. Mkewe kamnyooshea kidole nyoka. Hayo yote aliyajua tangu shule ya Jumapili. Lakini ardhi! Ardhi ilikuwa imelala zake, inaotesha majani, haikusikia mazungumzo yoyote, mara inaambiwa kuanzia leo utaota miiba kwa sababu ya watu waliosimama juu yako. Alitunga jibu akiosha vyombo, akalitunga tena akienda kisimani, na lilikuwa jibu zuri. Lilisema kwamba kosa la mtu haliishii kwenye mwili wake, humwangukia aliye karibu, na kwamba mwenye kunyoosha kidole huwa hatazami kidole kinaelekea wapi mwishowe.

Siku ya mtihani akaliona Swali la Nne, akalitambua, akashika kalamu. Hakulisoma. Angelisoma angeona kwamba lina sehemu tatu tu. Mwalimu wa dini alibadili mawazo Alhamisi, akaona (d) ni nzito kwa wasichana wale, mama akapiga stensili nyingine, na ile ya kwanza ndiyo iliyotupwa kapuni. Kipaza aliyesoma kila kitu duniani, siku hiyo hakusoma. Alijibu (a), (b), (c), na ukurasa mzima wa (d).

Cheka tu. Yeye mwenyewe amecheka mara nyingi, ila hakuna hata siku moja kicheko kilipofika mwisho.

Siku ya tatu waliitwa ofisini: mama, Wino na mtoto. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke mwembamba asiyepandisha sauti, na hilo ndilo lililomfanya aogopwe. Aliweka karatasi ya majibu mezani.

"Sehemu hii haimo kwenye mtihani. Iliwahi kuwamo. Waliojua ni mwalimu aliyetunga, aliyepiga taipu, na anayechoma kapu. Binti, uliipata wapi?"

Kipaza alimtazama mama yake. Vidole vile ambavyo havikujua kutulia vilikuwa vimelala mapajani. Uso haukuwa na hasira hata kidogo. Ulikuwa na woga, na mtoto alikuwa hajawahi kumwona mama yake akiogopa. Kapu lilikuwa chini ya meza ya mama. Nyumba waliyokaa ilikuwa ya shule. Aliyeiba mtihani hufukuzwa. Yote hayo yalipita kichwani mwa mtoto kwa muda wa kufumba na kufumbua, kisha mdomo ukasema maneno matatu.

"Mjomba Wino alinipa."

Wino alimtazama. Si kwa ghadhabu. Alimtazama kama unavyomtazama mtoto anayeanguka kutoka kwenye ngazi nawe uko mbali. Halafu akamgeukia mama, akamtazama yeye kwa muda mrefu zaidi. Mama alikuwa anatazama sakafu.

"Kapu ni jukumu langu," Wino akasema hatimaye. "Nilipaswa kuchoma Ijumaa. Sikuchoma. Kosa langu."

Mwalimu mkuu akaandika. Jioni ile Wino alitoka getini na mfuko mmoja. Kipaza alipewa sufuri ya dini na kuambiwa atarudia somo. Hakufukuzwa, kwa kuwa mtoto hudanganywa na mkubwa. Akaja mpiga chapa mwingine, mtu wa makamo asiyejua kukunja hata bahasha. Mama aliendelea kupiga taipu miaka ishirini na mitatu zaidi, ta-ta-ta-ta, ting, na walipokuja wanaume wengine wawili kwa nyakati tofauti kuulizia, aliwajibu wote jibu moja, kwamba wanaume ameshawaona.

Na Kipaza? Kipaza akawa mwalimu wa dini, nawe uniambie kama huko si kujitafutia adhabu. Kila mwaka, muhula wa kwanza, alisimama mbele ya watoto wa watu akafundisha Mwanzo sura ya tatu, na kila mwaka alipofika kwenye ardhi aliwapa watoto zoezi la kimya.

Sasa alikuwa jikoni kwa mama yake, akiosha vikombe vitatu kwa mara ya nne.

Acha, alijiambia. Mama ana amani yake. Anaamini aliponea chupuchupu kuolewa na mlaghai, na juu ya imani hiyo amejenga maisha yakasimama. Ukimwondolea, unampa nini badala yake? Unampa kiti kitupu cha miaka arobaini na sita na jina la aliyekifanya kitupu. Mambo mengine mtu mzee hana haja ya kuyajua. Mwache asamehe, anywe chai, alale. Yalikuwa maneno ya busara kabisa, na ndiyo yaliyomtisha, kwa sababu aliwafundisha watoto miaka thelathini kwamba nyoka hakuja na upuuzi, alikuja na hoja.

Maana upande wa pili kulikuwa na kiti kile, na saa kumi mzee wa miaka themanini na minne ataketi pale asamehewe usoni kwa jambo ambalo hakulitenda. Na kama ni Wino yule yule, ataitikia kwa kichwa, ataomba sukari kidogo, atakunywa. Atalaaniwa mara ya pili, na safari hii kwa upole. Hilo Kipaza hakuweza kulimeza.

Bado akachelewa. Alifagia palipofagiwa. Ilipofika saa nane na nusu mama akamwita amsaidie kuvaa. Alichagua gauni la bluu lenye kola, akabadili, akarudi kwenye la bluu. Akajipaka mafuta mikononi, kidole kimoja kimoja. Akataka herini.

"Nimependeza?"

"Kwa mtu anayekwenda kusamehe, mama, umependeza kupita kiasi."

"Kama inakuudhi, kasirika! Msamaha nao una heshima yake, hautolewi na kanga ya jikoni." Mama alicheka, akachukua herini moja, akaivaa kwa kupapasa. Kisha akasema, akijitazama kwenye kioo, kwa sauti ya kawaida tu, "Unajua nilikuwa nimeshamkubali? Ijumaa ile ya mvua. Niliamua nikirudi kutoka ofisini. Nikasema acha nimwambie Jumatatu, nisimfanye akose usingizi."

Kipaza aliketi kitandani.

"Mama, hakunipa."

"Hakukupa nini?"

"Ile karatasi. Wino hakunipa. Niliitoa kapuni mwenyewe. Aliweka tofali juu, nikaondoa tofali. Nilimsingizia."

Mama Taipu aliweka herini ya pili mezani. "Sema tena."

Akasema tena.

"Tena."

Akasema mara ya tatu, na mama aliisikiliza kwa umakini ule ule aliokuwa akiutumia kuhakiki stensili, mstari kwa mstari, akitafuta lilipo kosa.

"Ulikuwa na miaka kumi na mitano," mama akasema.

"Ndiyo."

"Mtoto huogopa. Lakini na ishirini ulikuwa nayo. Na thelathini. Na hamsini ulikuwa nayo, wewe, unawafundisha watoto wa wenzako habari za Adamu."

"Ndiyo, mama."

Na hapo neno lilipanda mpaka ulimini. *Nilikuona unaogopa. Nyumba ilikuwa ya shule. Ilikuwa kwa ajili yako.* Lilikuwa kweli, kila silabi yake, na lilikuwa tamu, na lingempunguzia mzigo nusu nzima. Alilitazama akaona ni kidole kingine kinanyooka. Akalimeza. Ni tendo gumu kuliko yote aliyowahi kutenda, na hakuna aliyeliona.

"Toka mbele yangu," mama akasema. "Kakae nje."

Akatoka akaketi kwenye ngazi ya baraza, mwalimu mstaafu, miaka sitini na moja, kafukuzwa chumbani kama mtoto aliyevunja sahani. Ndani alimsikia mama yake analia, kilio cha kwikwi, na hakuthubutu kurudi kumbembeleza kwa kuwa ndiye aliyekisababisha. Akalia na yeye, akitazama geti.

Saa kumi kasoro dakika chache gari lilisimama, mpwa akamteremsha mzee, akamwelekeza, akaondoka. Mzee alikuja polepole kwa mkongojo, shati jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo inasimama, kofia kichwani. Mabega yalikuwa yamekwisha, lakini urefu ulikuwepo.

"Kipaza," akasema. "Au nimekosea nyumba?"

"Hujakosea, Mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Umekua."

"Nimezeeka."

"Basi tumelingana." Akacheka, na kicheko kilikuwa kile kile cha mle chumbani, na Kipaza akaona kwamba akikisikia mara ya pili hatasema tena. Akasimama.

"Mjomba, nilikusingizia."

"Najua, mwanangu. Nilikuwepo."

Hakusema kwa kejeli. Aliegemea mkongojo kwa mikono miwili akapumzika kidogo.

"Naomba unisamehe," Kipaza akasema.

"Nilikasirika miaka kama minane hivi. Sitakudanganya, nilikasirika hasa. Kisha nikapata kazi mji mwingine, nikaoa, nikapata watoto, mke wangu akatangulia. Maisha yalikuwa maisha. Wewe ulikuwa mtoto na uliogopa, hilo nililielewa hata siku ile ile. Nimekusamehe zamani, tena ulikuwa hujaomba. Ila si wewe uliyeninyima usingizi." Akageuka, kwa sababu mlango ulikuwa umefunguka.

Mama Taipu alisimama kizingitini, gauni la bluu, macho mekundu, herini sikio moja.

"Fundi."

"Mama Kipaza."

"Nilikuita nikusamehe."

"Mpwa wangu kaniambia. Ndiyo maana nimevaa shati jipya."

Mama hakucheka. Alishika fremu ya mlango. "Binti yangu ameniambia aliyoyatenda."

"Mama, ni mimi," Kipaza akadakia, "mama hakujua chochote, Mjomba, kosa lote ni..."

"Nyamaza wewe! Lako umeshalisema. Hili ni langu, usininyang'anye."

Kipaza akarudi kuketi kwenye ngazi.

"Siku ile ofisini ulinitazama," mama akamwambia Wino. "Ulikuwa unasubiri nikuulize. Swali moja tu. Mtu niliyekaa naye chumba kimoja miaka sita, niliyejua hata kikohozi chake, nikatazama sakafu. Unajua kwa nini? Kwa sababu ningeuliza ungesema hapana, na ningekuamini, na ningebaki na mtoto mwongo. Na mtoto nilikuwa naye mmoja. Nikachagua nisijue. Halafu kila mwaka nikaongeza kinyongo juu yake, ili nisisikie kinachogonga chini. Hakuna aliyenidanganya, fundi. Nilifumba macho mwenyewe."

Mzee aliitoa kofia kichwani akaishika kifuani.

"Nakuuliza leo," Mama Taipu akasema. "Ulimpa mtoto wangu ile karatasi?"

Ungedhani jibu la miaka arobaini na sita lingekuwa tayari mdomoni, lakini mzee alilitafuta, akalipata kwa shida, na machozi yakawahi kutoka kabla yake.

"Hapana, Mama Kipaza," akasema. "Sikumpa."

"Nimesikia," mama akasema, akasogea pembeni ya mlango ili mzee apite.